Nilisema "eleven", wageni wakashuka saa tano

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini hujambo. Mimi ni msichana wa miaka 23, kwetu ni Tukuyu, ila naishi Iringa mjini ambako nafanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Nina mwaka mmoja na miezi minne kazini. Wageni wetu wengi ni wafanyabiashara wa mbao na watu wanaokuja kwenye semina, na hao tunaelewana. Ninaohangaika nao ni wazungu wanaolala kwetu usiku mmoja kabla ya kwenda hifadhi ya Ruaha.

Mwezi uliopita walikuja wawili, mama mtu mzima na binti yake. Walikuwa wamekodi gari, na jioni dereva akanipigia simu: "Waambie nitakuwa hapo saa kumi na moja alfajiri, wasichelewe." Nikaenda kuwagongea mlango, nikawaambia, "The driver will come at eleven in the morning." Wakafurahi, wakasema afadhali, watapata usingizi wa kutosha. Nikamaliza zamu yangu, nikaenda kulala.

Dereva alifika alfajiri, akapiga honi. Mlinzi aliogopa kuwagongea wageni kwa sababu hajui Kiingereza. Mimi simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Dereva akangoja hadi saa moja na nusu, akaondoka akidhani wameghairi. Saa tano kamili wageni wakashuka na mabegi yao, wameshavaa kofia. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kazini. Yule binti aliponiuliza gari liko wapi, nikaelewa nilichofanya, na miguu ikaniisha nguvu.

Meneja alinisema mbele ya wenzangu: "Mtu una kidato cha nne na hujui saa!" Tangu siku hiyo, Mwalimu, nikiona mzungu anashuka kwenye gari nakimbilia stoo kuhesabu mashuka, namwachia mwenzangu. Na nikijifikiria naona makosa yangu ni mengi. Yule mama nilimwita "he". Mgeni akijikwaa nasema "sorry", yeye ananiambia si kosa langu. Wakiniuliza kama chumba kiko tayari najibu "still", wanabaki wananitazama. Wakiondoka nawaambia "Welcome again", na mwenzangu anacheka ila haniambii kosa liko wapi.

Kiingereza nilipata C. Kuna kozi hapa mjini, shilingi 150,000 kwa miezi mitatu, karibu mshahara wangu wa mwezi mzima. Je, nilipe? Au kichwa changu ndicho kizito?

Wako,
Msichana wa mapokezi, Iringa

*

Marahaba, mwanangu.

Kichwa chako si kizito. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Dereva alisema kumi na moja, na kumi na moja kwa Kiingereza ni "eleven". Hukukosea neno. Ulichukua sentensi nzuri ya Kiswahili, ukaivika nguo za Kiingereza, na ilipomfikia mgeni ikawa inasema jambo lingine kabisa. Meneja wako ana haki ya kuumia kwa siku ya wageni iliyopotea, lakini chanzo chake hakukiona. Mimi nimesimama mbele ya madarasa ya Kiingereza miaka ishirini na sita, na jambo hili la saa sikumbuki kama niliwahi kulifundisha hata mara moja.

Wewe ni wa Tukuyu. Nyumbani asubuhi unamwambia jirani "Ugonile", neno la Kinyakyusa ambalo ukilifasiri kama lilivyo ni "Umelala". Ulipofika Iringa, je, ulimsalimu Mhehe kwa Kiswahili ukamwambia "Umelala"? Hapana. Ulisema "Habari za asubuhi", na naamini kufikia sasa umeshajua kuitikia "Kamwene", salamu yao. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha. Ulisikia tu kwamba kila watu wana njia yao ya kuulizana wameamkaje, ukaiacha ya nyumbani ukashika ya wenyeji. Kiingereza kinataka hicho hicho. Tofauti ni kwamba njia panda zake ni nyingi na hakuna aliyekuonyesha zilipo. Nitakuonyesha baadhi, nikianza na hiyo iliyokuumiza.

Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapozama. Iringa na Mbeya ziko nyuzi 8 na 9 hivi kusini mwa ikweta, na katika latitudo hizo jua halitangitangi. Mwaka mzima linachomoza karibu wakati uleule. Ndiyo maana saa moja asubuhi ina maana hata kwa mkulima asiye na saa mkononi: mchana umetimiza saa yake ya kwanza. London hawawezi kuhesabu hivyo. Desemba jua lao huchomoza kama saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, na Juni limeshachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Wangefuata jua, kila mwezi ungekuja na saa yake. Kwa hiyo wao huanzia katikati ya usiku na katikati ya mchana, pale tunapoita saa sita. Kati ya hesabu yao na yetu pana saa sita, kiangazi na masika, bila kuzidi wala kupungua.

Sasa tazama saa ya ukutani hapo mapokezi. Mshale mfupi ukigusa 5, sisi tunasoma namba iliyo ng'ambo yake, 11. Ukigusa 8, tunasoma 2. Mgeni anasoma pale pale mshale ulipogusa. Basi dereva akikutajia saa, usiitafsiri kichwani. Inua macho ukutani, jiulize mshale mfupi utakuwa wapi muda huo, kisha taja namba hiyo. Saa kumi na moja alfajiri mshale uko kwenye 5: "five in the morning". Saa tatu usiku uko kwenye 9: "nine at night". Na kurudi nyuma ni vivyo hivyo. Mgeni akiomba chakula "at two", jikoni waambie saa nane, la sivyo watamngoja usiku.

Kisha andika. Kikaratasi kidogo chenye siku, tarehe na saa kwa tarakimu, "Saturday, 05:00", umkabidhi mgeni mkononi na nakala umwachie mlinzi. Tarakimu za mtindo huo hazina asubuhi wala jioni ya kubishania. Na kuwa mwangalifu na usiku wa manane. Basi linaloondoka saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi, wengi wetu tunaliita basi la Ijumaa. Ukimwandikia mgeni "Friday, 1 a.m.", atafika stendi siku nzima kabla ya basi lake, kwa sababu kwake siku mpya huanza saa sita usiku. Hiyo ni "Saturday, 1 a.m."

Nimekaa sana kwenye saa kwa makusudi. Kuna makosa yanayokwaruza sikio tu, na kuna makosa yanayompeleka mtu kusiko. Shuleni tuliyatia yote wino mwekundu uleule, "he" badala ya "she" sawasawa na saa isiyo yake. Wewe uliye kazini usiyaweke kapu moja. Anza na yale yanayompeleka mtu kusiko.

La pili katika hayo nilijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilimsindikiza mama yangu hospitali kufanyiwa operesheni. Mama alijua Kinyakyusa na Kiswahili, daktari alikuwa mgeni, nami ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Asubuhi daktari akapita vitandani akauliza, "She hasn't eaten anything?" Mama alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake jioni, kama alivyoagizwa. Nikajibu upesi, "Yes." Nilikuwa na maana ya ndiyo, ni kweli, hajala. Daktari akaandika kwenye faili, akasogea kitanda kingine. Mchana tukaambiwa operesheni imeahirishwa kwa kuwa mgonjwa amekula. Mama alishinda na njaa bure, akakaa na maumivu siku mbili zaidi. Na wakati huo mimi tayari nilikuwa mwalimu wa Kiingereza.

"Ndiyo" yetu humjibu aliyeuliza. "Hujala?" "Ndiyo, sijala," yaani umesema kweli. "Yes" ya Kiingereza haimjali aliyeuliza wala alivyouliza. Hujibu jambo lenyewe. Limefanyika, ni "yes". Halikufanyika, ni "no", hata kama swali limekuja na ukanushi ndani yake. Mgeni akikuuliza "You don't have any rooms?" na vyumba kweli vimejaa, jibu ni "No, we don't." Ukisema "Yes" peke yake atashusha mabegi. Kwa hiyo usiliache neno hilo litoke peke yake. Lifunge na kitenzi kila mara, "Yes, we do", "No, we don't". Hata ukikosea neno la kwanza, kitenzi kitakuokoa.

"Still" yako nayo iko katika kundi hilo. Bado yetu inabeba mizigo miwili: jambo halijawa, na jambo linaendelea. "Still" hubeba ule wa pili tu, "she is still eating", bado anakula. Ndiyo sababu mgeni anakutazama: anangoja umalize sentensi. Kwa chumba ambacho hakijawa tayari sema "Not yet", kisha mpe muda, "Not yet, ten minutes, please." Atakaa kitini aanze kusoma kitabu chake.

Hukunitajia simu, lakini najua inalia hapo mezani kwako. Mtu anapiga kumuulizia yule mama wa chumba namba 6, nawe unajua amelala. Ukisema "She has slept", anayekusikiliza anaelewa kwamba usingizi umekwisha na mtu yuko macho, hivyo atangoja umwite. Tazama -me- yetu ilivyo na kazi nzuri: inasema jambo limefanyika na hali yake ipo mpaka sasa. Amelala, amekaa, amesimama, amevaa koti, amechoka. Kiingereza hali za namna hiyo huzisema kwa "is": she is asleep, she is sitting, she is wearing a coat, she is tired. Ukiona -me- inaeleza jinsi mtu alivyo sasa hivi, kimbilia "is" kwanza. Na sisi hatuoni shida kusema "amefika jana". Kiingereza kinakataa kabisa. Jana ikishatajwa, "has" inaondoka: "She arrived yesterday."

Kuna pia "borrow" na "lend", ambazo nilizisahihisha maelfu ya mara bila kupiga hatua. Watoto walisema "Borrow me your pen" kwa sababu kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili: nimeazima kalamu kwake, niazime kalamu yako. Nilikuwa nawakaririsha. Siku moja mama mmoja wa Kyela aliyeuza vitumbua karibu na shule alikuwa anamwambia mwenzake, "Mimi kukopa sitaki, na kukopesha sitaki," na nikasimama palepale. Kiswahili kinayo tofauti hiyo tayari, ila haimo kwenye kuazima. Tangu hapo nikawaambia wanafunzi: kabla ya kusema, iweke kukopa au kukopesha mahali pa kuazima. Ikikaa kukopa ni "borrow", ikikaa kukopesha ni "lend". Nikopeshe kalamu, "Lend me your pen." Darasa zima lilielewa siku hiyo hiyo.

Sasa yale ya sikio, ambayo nitayapitia kwa haraka zaidi.

Kumwita yule mama "he" hakukumdhuru, ingawa huenda kulimshangaza. Kiswahili hakiulizi jinsia katika "yeye" wala katika "a-" ya alikuja, na sioni kwamba tumepungukiwa na chochote. Lakini ulimi wako haujazoea kusimama na kuuliza. Dawa niliyoona ikifanya kazi ni hii: jioni, unapofua au unapochambua mboga, jisimulie kwa sauti habari ya mwanamke mmoja tu, labda mama yako, kuanzia alipoamka hadi alipolala, na kila sentensi ianze na "she". Kesho yake chukua mwanamume. Usiwachanganye kwa wiki mbili za kwanza. Halafu angalia mtego ulio karibu na hapo. Wengi husema "my brother and her wife" kwa sababu mke ni mwanamke. "His" na "her" humfuata mwenye kitu. Mke ni wa kaka, kaka ni mwanamume, basi ni "his wife".

Kuhusu "sorry" nina hisia kali kidogo. Pole ni neno zuri sana tulilonalo. Mtu akijikwaa, akifiwa, akitoka safari, akiwa anafanya kazi tu, tunampa pole, na hakuna anayefikiri sisi ndio tuliomkwaza. Kiingereza hakina neno la kulibeba lote. "Sorry" ikisemwa peke yake mtu anapojikwaa, kwao inakaribia samahani, kama vile umekiri kwamba wewe ndiye uliyelisogeza jiwe. Ndiyo maana wanakuambia si kosa lako. Nisingependa uache kuwajali. Badili umbo tu. Akijikwaa, "Are you all right?" Akitoka safari ndefu, "You must be tired. How was the journey?" Kwa mfiwa, "I am so sorry for your loss", na hapo "sorry" inafaa kabisa. Pole na kazi haina mwenzake. Mwambie kwa Kiswahili, kisha mfafanulie maana yake. Wageni wengi hulipenda neno hilo na huondoka nalo.

Mabegi. Ukiuliza "Where are your luggages?" utaeleweka, lakini "luggage" haipokei wingi. Wanafunzi wangu walilalamika: mizigo ni mingi, kwa nini wao waseme kama mmoja? Nikawauliza, ukienda dukani kununua mchele wa Kyela, unaomba "michele miwili"? Unaomba kilo mbili. Mchele ni mwingi, punje hazihesabiki, nasi tunauhesabu kwa kipimo. Katika macho ya Kiingereza, "luggage", "information", "advice", "furniture" na "equipment" ni mchele. Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo: "two pieces of luggage". Au sema "bags", maana mabegi yanahesabika pande zote.

Kuna maneno yanayotoka kwao yakahamia kwetu, na huko huko kuhama yakabadilika. Haya yanateleza zaidi kwa sababu unajisikia salama unapoyatumia. Gesti kwetu ni nyumba, lakini "guest" kwao ni mtu anayelala humo, kwa hiyo usimwambie mgeni "There is another guest near the market, very cheap." Sema "guest house". Presha kwetu ni ugonjwa, wakati "pressure" kwao ni mgandamizo tu, na kila mtu mzima anao. Mwenye ugonjwa ana "high blood pressure". Mwenye sukari ana "diabetes". Trafiki wetu ni askari, "traffic" yao ni magari. Sheli yetu ni kituo chochote cha mafuta, lakini mgeni ukimwelekeza "shell" atatafuta kombe la baharini au kibao cha kampuni moja. "Petrol station" inatosha, na Mmarekani atasema "gas station".

Na kitu kimoja kidogo cha sarufi kinachonipendeza kukieleza, maana kinaonyesha jinsi Kiswahili kilivyofumwa. Tunasema "mgeni niliyempokea jana". Hiyo -m- ndani ya kitenzi ni mgeni yuleyule aliyekwisha kutajwa mwanzoni. Ndiyo maana mdomo unatoa "the guest whom I received him yesterday". Kiingereza hakimtaji mara mbili, futa "him". Kwa sababu hiyo hiyo "My father he works in Makambako" ina "he" ya ziada, iliyotoka kwenye a- ya "anafanya". Kitenzi chetu hakiwezi kusimama bila kumbeba mtendaji. Chao kinaweza.

Ile C yako ni ya kweli, uiheshimu. Ulisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, ukaingia kidato cha kwanza ukakuta fizikia, historia na jiografia zote kwa Kiingereza, na ukavuka. Lakini mitihani ilikutaka ujaze nafasi zilizoachwa wazi na ugeuze sentensi. Haikukuweka hata siku moja mbele ya mtu aliyechoka na safari anayeuliza gari litakuja saa ngapi. Hilo ni pengo letu sisi walimu. Tulifundisha Kiingereza kana kwamba mwanafunzi ameingia darasani bila lugha yoyote kichwani, na alipokosea tulimwambia "wrong" bila kumwambia Kiswahili kilikuwa kinasema nini nyuma ya kosa hilo. Natamani ningeyarudia madarasa yale.

Kuhusu kozi, usilipe sasa. Shilingi 150,000 ni fedha nyingi kwako, na hujui bado unanunua nini. Chukua daftari. Kila kosa ukilisikia au ukisahihishwa, andika upande wa kushoto sentensi ya Kiswahili iliyolizaa, na upande wa kulia namna Kiingereza kinavyosema. Usiandike kanuni, andika sentensi nzima, tena iwe ya hapo kazini. "Amelala" kushoto, "She is asleep" kulia. Tatu kwa wiki zinatosha, ukizisema kwa sauti kila siku. Baada ya miezi miwili litazame daftari. Kama bado unataka kozi, nenda na hilo daftari, uliza darasa lina wanafunzi wangapi na kwa saa moja kila mmoja anasema kwa dakika ngapi. Wakikuonyesha vitabu tu, rudi nyumbani na fedha yako.

Na utoke stoo. Mashuka hayakusahihishi, wageni wanakusahihisha. Mwambie mgeni mapema, "Please correct my English." Wengi watafanya hivyo kwa upole, na huyo ni mwalimu usiyemlipa. Kwa meneja wako usiende kuomba radhi tu. Nenda na vikaratasi vyako vya saa, mwonyeshe kimoja, mwombe kila dereva akipiga simu, mgeni aandikiwe hivyo, naye mlinzi apewe nakala. Mwambie pia mlinzi afundishwe sentensi moja, "Your car is here." Alfajiri ile angekuwa nayo, wale wageni wangefika Ruaha.

Nimebakiza "Welcome again", na mwenzako anayecheka. Karibu yetu inamfaa anayefika, anayekaa, anayekula na anayeondoka pia, kwa sababu ni mwaliko wa kusogea karibu. "Welcome" kwao ni neno la mlangoni wakati wa kuingia, au jibu la asante, "You're welcome". Anayeondoka akiambiwa "Welcome again" anasikia kama anapokelewa upya na begi liko mgongoni. Karibu ndani ni "Come in". Karibu kiti ni "Please have a seat". Karibu chakula, wewe ukiwa unakula na mgeni akapita, ni "Please join us". Na karibu tena, umeshamsindikiza mpaka kwenye gari na dereva anawasha injini, ni "Come back and see us." Mwenzako umwandikie hilo la mwisho kwenye kikaratasi, maana kama angelijua angekwambia.